Kupima upandaji wa mbegu mawinguni kwa puto: mwongozo kwa klabu za sayansi za Tanga

Vuli inapokatika mapema Handeni na Kilindi, wanafunzi huuliza swali ambalo mwalimu wa fizikia hawezi kulikwepa: ikiwa mawingu yapo na mvua haipo, je, haiwezekani kuyasaidia yanyeshe? Swali hilo ni la haki, nami naamini linastahili kujibiwa kwa kazi ya mikono badala ya maneno matupu. Mwongozo huu unaeleza namna klabu ya sayansi ya sekondari au ya chuo inavyoweza kusanifu kifurushi cha vyombo kinachobebwa na puto, kikamwaga chumvi kidogo ndani ya wingu, kisha kikarudi kupima iwapo chumvi hiyo imebadilisha chochote. Nimeupanga kwa hatua, ingawa hatua ya hesabu na ya usanifu zimechukua nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu hapo ndipo majaribio mengi huharibika kabla hata puto halijapaa.

Hatua ya kwanza: punguzeni swali mpaka liweze kujibika

Wingu ni mkusanyiko wa vitone vya maji vyenye kipenyo cha mikromita 10 hadi 20 hivi, na katika kila sentimita moja ya ujazo huwamo vitone mamia. Vitone hivyo ni vyepesi mno kuanguka. Ili vigeuke mvua, ama baadhi yake vikue haraka na kuanza kuwagonga na kuwameza wenzao njiani, ama sehemu ya juu ya wingu iwe baridi kiasi kwamba chembe za barafu zijitokeze na kunyonya unyevu wa vitone vilivyozizunguka. Kupanda mbegu mawinguni ni jaribio la kuharakisha mojawapo ya njia hizi mbili.

Njia ya barafu ilianzia Marekani mwaka 1946. Vincent Schaefer aliona kwenye friza ya maabara kwamba barafu kavu hugeuza ukungu uliopoa kuwa chembe za barafu, na tarehe 13 Novemba mwaka huo akaimwaga kutoka kwenye ndege juu ya wingu la Massachusetts. Mwenzake Bernard Vonnegut akagundua kwamba iodidi ya fedha, ambayo fuwele zake zinafanana sana na za barafu, hufanya kazi hiyo hiyo. Njia ya chumvi ndiyo iliyojaribiwa kwetu: mwanzoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki walirusha maputo kutoka Kongwa, yakiwa yamebeba baruti na chumvi iliyosagwa laini, ili yalipuke karibu na kitako cha wingu. Majaribio hayo hayakumaliza ubishi, na sababu yake ndiyo somo la kwanza la klabu yenu. Wingu lililonyesha baada ya kupandwa huenda lingenyesha hata lisingeguswa.

Kwa hiyo msiulize, "Je, tumeleta mvua?" Klabu ya shule haina rada, haina ndege, na haina miaka kumi ya kukusanya takwimu. Ulizeni hivi: je, dakika mbili hadi tano baada ya kumwaga chumvi, hewa iliyopokea chumvi ina vitone vikubwa vingi zaidi kuliko hewa ya wingu lile lile ambayo haikupokea? Swali hili ni dogo, lakini jibu lake ni pingili ya kwanza ya mnyororo wote. Ikiwa vitone havikui, hakuna haja ya kuzungumzia mvua.

Hatua ya pili: chagueni mbegu inayolingana na wingu lenu

Iodidi ya fedha huanza kufanya kazi kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri. Katika anga letu la kitropiki, nyuzi sifuri hufikiwa kwenye kimo cha mita 4,500 hadi 5,000, hivyo mbegu hiyo ingehitaji wingu lenye kilele kinachopita mita 5,500, na wingu la namna hiyo Tanga mara nyingi ni wingu la radi, ambalo hakuna mwalimu anayepaswa kurusha kamba iliyolowa chini yake. Zaidi ya hayo, iodidi ya fedha kwa kawaida husambazwa kwa kuchomwa, na moto chini ya puto ni jambo ambalo hamtapewa ruhusa, wala hamstahili kupewa. Baruti ya Kongwa vilevile msiiige.

Inabaki chumvi ya kawaida. Chumvi huanza kuvuta maji na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na ndani ya wingu kila punje inageuka kuwa kitone chenye njaa ya maji kuliko jirani zake.

Hapa ndipo mahali pa kurushia panapokuwa na maana kubwa. Mawingu yanayoingia kutoka baharini juu ya Raskazone na Pongwe tayari yamepandwa na Mungu: mawimbi yanapovunjika hurusha punje za chumvi angani, na upepo huzibeba hadi mawinguni. Kuongeza chumvi huko ni kama kutia kijiko cha chumvi ndani ya maji ya bahari, na kipimo cha shule hakitaiona tofauti. Ndiyo maana ninashauri mazoezi yafanyike karibu na mji, lakini jaribio lenyewe lifanyike bara, upande wa Handeni, ambako hewa imepita juu ya ardhi, moshi na vumbi kwa umbali wa kilomita mia moja hivi na vitone vya wingu huelekea kuwa vingi na vidogo. Handeni ina faida nyingine mbili: ipo mbali na uwanja wa ndege wa Tanga, na puto lake haliwezi kuangukia kwenye misitu ya Amani au kuvuka mpaka wa Horohoro.

Hatua ya tatu: fanyeni hesabu kabla ya kununua kitu

Punje ya chumvi yenye kipenyo cha mikromita 10 ina uzito wa takriban nanogramu 1.1. Gramu 10 za punje hizo ni karibu punje bilioni 9, na mwanafunzi akiisikia idadi hiyo hudhani imetosha wingu zima. Haitoshi. Wingu la kawaida la alasiri lenye ujazo wa kilomita moja ya ujazo lina mita za ujazo bilioni moja, hivyo kila mita ya ujazo ingepata punje tisa tu, wakati ndani yake kuna vitone asilia zaidi ya milioni mia moja. Hesabu hii moja iandikwe ubaoni na ibaki pale muda wote wa mradi.

Lakini chumvi haisambai wingu zima mara moja. Mkiimwaga kwa sekunde 20 wakati puto linapanda kwa mita 4.6 kwa sekunde, mnaacha safu yenye urefu wa mita 92. Tuseme safu hiyo imetanuka mpaka upana wa mita 20. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 29,000, na kila lita ya hewa ina punje 300 hivi. Sasa tuna kitu cha kupima, mradi kifurushi kiweze kurudi ndani ya safu hiyo.

Na kinaweza, kwa sababu ambayo hunifurahisha kila ninapoieleza. Puto huru haliendi kinyume na upepo. Linabebwa nao, kama ndoo iliyoachwa mtoni inavyobebwa na maji. Hewa iliyopokea chumvi nayo inabebwa na upepo uleule. Kwa hiyo, ukiitazama kutoka ndani ya hewa yenyewe, puto linapanda wima tu, na likikatwa, kifurushi kinashuka wima kwenye njia ileile. Upepo unaotofautiana kwa kimo utaiviringisha kidogo safu hiyo, ndiyo maana hatupandi juu sana, bali tunakata kamba takriban mita 300 juu ya mahali pa kumwagia na kurudi upesi.

Jambo hilo lina tokeo moja ambalo wengi hulisahau. Ndani ya wingu, hewa yenyewe inapanda, pengine kwa mita mbili au tatu kwa sekunde, na inaichukua chumvi pamoja nayo. Mkikipanga kifurushi kirudi kwenye kimo kilekile kwa kufuata kipima kanieneo, mtaikuta hewa nyingine, kwani yenu imeshapanda. Anzeni kumwaga kwa kufuata kimo, lakini rudini kwa kufuata saa. Ikiwa mwendo wa kupanda ndani ya hewa ni mita 4.6 kwa sekunde na wa kushuka ni mita 5.5, na kamba inakatwa sekunde 65 baada ya kumaliza kumwaga, basi kifurushi kinaipita safu kati ya sekunde ya 54 na ya 71 baada ya kukatwa, hata kama wingu zima linapanda.

Hesabu ya mwisho ni ya kipande cha kunasia vitone. Ukanda wa kioo wenye upana wa milimita 4 na urefu wa milimita 10, ukiachwa wazi kwa sekunde moja wakati wa kushuka, hupita ndani ya sentimita za ujazo 220 za hewa. Kukiwa na vitone 200 kwa kila sentimita ya ujazo, vitone 44,000 vinakuwa kwenye njia yake, na pamoja navyo vitone zaidi ya 60 vilivyozaliwa na chumvi. Safu ikiwa imetanuka hadi mita 60, hivyo 60 vinashuka hadi saba hivi. Mkiuacha ukanda wazi kwa sekunde 20, vitone vitarundikana mpaka usione kimoja. Mkiufanya mpana kama slaidi nzima, hewa itaukwepa pembeni na kuondoka na vitone vidogo. Ukanda mwembamba, sekunde moja: hivyo ndivyo hesabu inavyotuagiza.

Hatua ya nne: vibali, na idhini ya wenye mashamba

Anzeni mapema, kwani hatua hii inaweza kuchukua miezi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo yenye anga, nayo inapaswa kupata maombi yenye mahali, siku, saa, uzito na kimo cha juu kabisa, ili itoe tangazo kwa marubani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huliweka puto huru katika kundi jepesi iwapo mzigo wake wote haufiki kilo 4, na kamba yake isiwe ngumu kiasi cha kuhitaji nguvu ya niutoni 230 ili ikatike. Kifurushi chetu kina kilo moja tu, na kamba iwe ya uzi mwembamba wa nailoni wa kushonea. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo ya kuulizwa kuhusu masafa ya redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira wapewe maelezo kamili ya mnachomwaga na kiasi chake, na ofisi ya mkuu wa wilaya na polisi wasilisikie jambo hili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwananchi aliyeona kisanduku kikianguka.

Kisha nendeni kijijini. Mvua ni riziki, na mtu ambaye mahindi yake yamekauka ana haki ya kujua kwa nini watoto wa shule wanarusha kitu mawinguni. Ombeni nafasi kwenye mkutano wa kijiji, beba chumvi yenyewe kwenye kichupa, ionyesheni, na semeni wazi kwamba gramu 10 haziwezi kuleta mvua wala kuizuia. Mwenyekiti wa kijiji na wazee wakaribishwe siku ya kurusha. Msipofanya hivi na ukame ukaja, lawama zitawaangukia wanafunzi, nao hawatakuwa na la kujitetea.

Hatua ya tano: jengeni kifurushi

Kutoka juu kwenda chini mpangilio ni huu: puto, kikata kamba, mwavuli wa kushukia, kamba ya mita 20, kisanduku cha vipimo, kamba nyingine ya mita 10, na mwisho kisanduku cha chumvi. Kamba ya juu ni ndefu ili vipimo viwe mbali na hewa iliyovurugwa na puto pamoja na maji yanayochuruzika kutoka kwenye ngozi yake. Kisanduku cha chumvi kiko chini ili wakati wa kupanda vipimo vipite kwanza kwenye hewa safi.

Gaweni uzito mapema: kisanduku cha vipimo gramu 420, kisanduku cha chumvi 260, mwavuli 120, kikata kamba 90, kamba 60, na gramu 50 za akiba, kwa sababu gundi na nyaya huongeza uzito bila kuaga. Visanduku vitengenezwe kwa styrofoam ngumu ile ya makasha ya samaki, vipakwe rangi nyangavu, na viandikwe namba ya simu ya shule pamoja na maneno "Jaribio la wanafunzi, si hatari".

Ndani ya kisanduku cha vipimo kuna kidhibiti kidogo kama Arduino, kipokezi cha GPS, kadi ya kumbukumbu, betri za lithiamu, na kihisi cha BME280 kinachopima kanieneo, joto na unyevu kwa pamoja. Kihisi hiki hupima hadi hektopaskali 300, yaani karibu kilomita 9 juu, hivyo kwetu kinatosha kabisa. Hata hivyo, unyevu wake hauaminiki ndani ya wingu, kwani kikishalowa huendelea kusema asilimia 100 hata baada ya kutoka. Ili kujua kwa hakika kama mko ndani ya wingu, tengenezeni kipima ukungu: taa ndogo ya miale isiyoonekana na jicho la kupokea mwanga, vikitazama kwa pembe sehemu moja ya hewa bila kutazamana. Vitone vikipita, hutawanya mwanga na jicho linauona. Jua litawasumbua, basi zisomeni thamani mbili kila mara, taa ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa, na mhifadhi tofauti yake. Shimo la nje lizungushiwe kadibodi nyeusi.

Kinasa vitone ni gurudumu lenye kanda 12 za kioo, linalozungushwa na mota ya sevo, yaani mota inayogeuka kwa pembe inayoamriwa, nyuma ya tundu jembamba. Wakati wa kupanda hewa huja kutoka juu, wakati wa kushuka huja kutoka chini. Kwa hiyo matundu yawe mawili, na kila moja liwe na kanda zake sita. Kanda zipakwe masizi kwa kupitishwa juu ya kibatari cha mafuta ya taa hadi ziwe na utando mwembamba wa kahawia, si mweusi tii. Kitone kikigonga masizi huacha tundu la duara hata baada ya kukauka, na tundu hilo mtalipima kwa hadubini ya shule. Paka rangi ya kucha sehemu ya nyuma na uandike namba kabla ya kupaka masizi, kwani baadaye hutaweza kuugusa.

Kisanduku cha chumvi kina vidonge viwili vya plastiki, kila kimoja kikiwa na gramu 10 za unga mweupe, feni ndogo ya kompyuta na kifuniko kinachofunguliwa na sevo na kufungwa tena. Kidonge kimoja kina chumvi. Kingine kina vumbi la chaki, ambalo halivuti maji kwa kiasi kinachoonekana. Mwalimu mmoja asiyehusika na kuhesabu vitone arushe sarafu, aamue kipi kimwagwe kwanza, kiwe safu ya chini, na kipi kimwagwe baadaye, kiwe safu ya juu, aandike kwenye bahasha, aifunge kwa gundi, na asimwambie mtu. Kwa njia hiyo, kila mruko unabeba jaribio na ulinganisho wake ndani ya wingu moja, na jicho la anayehesabu halitavutwa na matumaini yake. Jambo hili la bahasha wanafunzi huliona kama urasimu. Mimi naliona ndilo uti wa mgongo wa mradi wote. Ikibidi kupunguza gharama, punguzeni kihisi chochote, lakini bahasha ibaki.

Kikata kamba ni waya wa nikromu, ambao hupata moto umeme ukipita, uliozungushwa mara tatu kwenye uzi wa nailoni ili uuyeyushe. Upelekewe umeme na mosfeti, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, yenye betri yake peke yake, ili udhaifu wa betri ya vipimo usizuie kukata. Wekeni pia saa ya dharura inayokata kamba baada ya dakika 15 bila kujali vihisi vinasema nini, na mfumo huo upimwe ndani ya friji angalau mara kumi.

Hatua ya sita: andaeni chumvi

Chumvi iliyosagwa kwenye kinu au mashine ya kusagia viungo ni ya punje kubwa mno. Kausha chumvi kwenye oveni, isage, kisha uichanganye na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo chumvi haiyeyuki ndani yake kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Tikisa, kisha uiache itulie kwenye chombo chenye kina cha sentimita 10. Punje zenye mikromita 20 zinahitaji dakika 11 hivi kuzama kina hicho, na za mikromita 10 zinahitaji dakika 45. Mimina sehemu ya juu baada ya dakika 12, ukiacha mashapo chini, na utakuwa na punje ambazo nyingi ni ndogo kuliko mikromita 20. Iache itulie usiku kucha, mwaga alkoholi, kausha. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa na pasipo na moto wowote, hata wa kibatari cha masizi.

Adui wenu ni unyevu wa pwani. Katika zoezi letu la kwanza mjini Tanga tuliandaa chumvi jioni, tukaikunja kwenye karatasi, na asubuhi tukaikuta imekuwa bonge. Feni ilizunguka, kifuniko kikafunguka, na hakuna hata punje iliyotoka. Tangu siku hiyo chumvi yetu hukaa kwenye chupa yenye mfuniko wa mpira pamoja na vifuko vya silika, na kidonge hujazwa kwa mara ya mwisho dakika chache kabla ya kurusha. Chaki ipitie hatua zilezile, alkoholi na kukaushwa, ili unga wa vidonge viwili ufanane kwa jicho na kwa mkono.

Hatua ya saba: puto na gesi

Tumieni heliamu. Haidrojeni ni nafuu na inanyanyua zaidi kidogo, lakini huwaka, na pale uwanjani huwa kuna watoto na simu nyingi. Mita moja ya ujazo ya heliamu karibu na usawa wa bahari hunyanyua takriban kilo moja. Puto la gramu 350, kifurushi cha gramu 1,000 na nguvu ya ziada ya gramu 750 vinafanya gramu 2,100, hivyo mnahitaji zaidi kidogo ya mita 2 za ujazo. Mtungi wa lita 50 wenye shinikizo la baa 150 una mita za ujazo 7.5 na unatosha miruko mitatu.

Hamhitaji kipimo cha gesi. Chukueni chupa yenye maji na mchanga yenye uzito wa gramu 1,750 kamili, ifungeni kwenye shingo ya puto, na mjaze polepole. Puto litakapoibeba chupa bila kuiinua wala kuiacha itue, nguvu ni sahihi. Kila ashikaye puto avae glovu laini za pamba, kwani kucha na pete zimeshaua maputo mengi.

Mwavuli wa kushukia unahitaji kipenyo cha mita moja hivi, na kitambaa cha mwamvuli wa mvua uliokwisha vunjika kinafaa. Tobolewe tundu la sentimita 6 katikati ili usiyumbe. Kabla ya jaribio lenyewe, fanyeni mruko mmoja siku tulivu isiyo na mawingu ili kupima mwendo halisi wa kupanda na wa kushuka, kisha mrekebishe saa ya kufungulia kanda.

Hatua ya nane: siku ya kurusha

Chagueni siku yenye mawingu ya mafungu yanayorundikana kama pamba, yenye vitako bapa na vilele vinavyochemka, lakini ambayo hayajaanza kutoa radi. Kati ya saa sita na saa tisa mchana ndio wakati wake. Radi ikisikika kutoka upande wowote, ahirisheni.

Kimo cha kitako cha wingu hukadiriwa kutoka ardhini: chukueni joto la hewa, toeni nyuzijoto ya umande, yaani joto ambalo hewa ileile ingeanza kutoa umande, na mzidishe tofauti kwa mita 125. Joto likiwa nyuzi 31 na umande nyuzi 22, kitako kiko kwenye mita 1,125 hivi juu ya vichwa vyenu. Pangeni kidonge cha kwanza kifunguke mita 300 juu ya kitako, cha pili sekunde 87 baada ya cha kwanza kufunguka, yaani mita 400 hivi juu yake ndani ya hewa ileile, na kamba ikatwe sekunde 65 baada ya cha pili kufungwa. Safu ya juu itafikiwa kati ya sekunde ya 54 na ya 71 baada ya kukata, na ya chini kati ya sekunde ya 127 na ya 144. Fungueni kanda mbili ndani ya kila safu, moja katikati yao, na moja chini ya zote. Kipima ukungu kikionyesha kwamba kifurushi hakikuingia kwenye wingu, programu isifungue kidonge chochote.

Mruko wote unachukua dakika 15 hivi, na kwa upepo wa mita 8 kwa sekunde kifurushi kitatua umbali wa kilomita 7 hivi. Laini ya simu itume mahali kilipo baada ya kutua. Timu ya kufuata iwe na mtu wa kijiji hicho anayejua njia na wenye mashamba, na isikanyage mazao ya mtu kabla ya kuomba.

Hatua ya tisa: someni kanda

Hesabuni matundu kwenye sehemu tano zilezile za kila ukanda, mkiyagawa katika makundi mawili tu: yaliyo chini ya mikromita 25 na yaliyo zaidi. Kila ukanda uhesabiwe na watu wawili wasioonyeshana majibu. Punje za chaki zitaonekana kama vumbi lililokaa juu ya masizi bila tundu la duara, ziandikeni kando. Baada ya kuhesabu, dondosheni nitrati ya fedha kwenye ukanda mmoja wa kila safu. Ikiweka weupe, kuna chumvi, na mtajua angalau kwamba kifurushi kilirudi kwenye hewa yake. Ikiwa hakuna weupe kwenye safu yoyote, mruko huo haukuipata safu, wala hausemi chochote kuhusu vitone. Kwa sababu tone hilo hufichua siri ya bahasha, lidondoshwe tu pale hesabu zote zimeshasainiwa kwa kalamu ya wino.

Linganisheni uwiano wa vitone vikubwa kati ya safu mbili za kila mruko. Kama chumvi haina athari yoyote, kila mruko ni sawa na kurusha sarafu, na uwezekano wa safu ya chumvi kuongoza mara sita katika miruko sita ni 1 kati ya 64. Kwa hiyo miruko sita iliyofanikiwa ndicho kiwango cha chini ambacho ningekubali kukisimamia mbele ya wataalamu, na kumi ni bora zaidi. Kumbukeni pia kwamba safu ya chini hupimwa ikiwa na umri mkubwa kuliko ya juu, na ndiyo maana sarafu inapaswa kurushwa upya kila mara. Ikitokea chumvi imeangukia safu ya chini katika miruko yote, ongezeni miruko kabla ya kusema lolote.

Hata matokeo yakiwa mazuri, ripoti iseme kile kilichopimwa: kwamba katika mawingu haya, juu ya Handeni, tarehe hizi, vitone vikubwa viliongezeka kwa kiasi hiki ndani ya dakika hizi. Neno "mvua" lisiwemo kwenye kichwa cha ripoti. Orodhesheni kila mruko, pamoja na ule ambao kidonge kiliziba na ule ambao kamba ilikatika mapema, na mkabidhi nakala kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa pamoja na vipimo vya joto na unyevu vya kila mita mliyopanda, kwa kuwa vipimo vya anga ya juu kutoka bara la Tanga ni vichache na vitakuwa na faida kwao hata kama chumvi haikufanya kitu. Kanda zenyewe zihifadhiwe kwenye kasha lenye silika, kila moja na namba yake, ili darasa litakalokuja liweze kuhesabu upya.